Maoni ya pili kuhusu daraja la sarafu kabla ya kuiuza Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sarafu ya zamani ikitolewa kabatini na kupelekwa mjini, mara nyingi mtu wa kwanza kuipa daraja ni yule yule anayetaka kuinunua. Maswali haya yanatoka kwa watu walioambiwa bei, wakasita, na sasa wanataka kusikia sauti nyingine kabla ya kupokea M-Pesa. Mifano mingi ni ya sarafu zilizopita mikononi mwa watu wa Afrika Mashariki, maana ndizo zinazoletwa zaidi.

Daraja la sarafu ni nini hasa?

Ni kauli ya mtu mzoefu kuhusu hali ya sarafu: imelika kiasi gani, mng'ao wa kiwandani umebaki kiasi gani, mikwaruzo iko wapi na inaonekana vipi. Kampuni za Marekani hutumia namba kutoka 1 hadi 70, kipimo alichokitoa William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, kisha kikaenea kwa sarafu za aina zote. MS (Mint State) 60 hadi 70 ni sarafu ambayo haijatumika kununulia kitu. AU (About Uncirculated), yaani 50 hadi 58, imeguswa kidogo tu. Kisha EF, Extremely Fine, kwa 40 na 45 (Wamarekani huandika XF), VF, Very Fine, kwa 20 hadi 35, na kuendelea kushuka mpaka sarafu iliyobaki kama kisahani, unajua ni ya mfalme gani kwa kubahatisha.

Mizani haisemi daraja, na mashine ya kulitoa kwa uhakika haipo. Ndiyo maana watu wawili waaminifu wanaweza kuitazama sarafu moja wakatofautiana, na kampuni ile ile ikiletewa sarafu ile ile mara ya pili inaweza kutoa namba nyingine.

Nimeshaambiwa daraja na mtu anayezijua sarafu. Kwa nini niulize tena?

Muulize kwanza huyo mtu kama anataka kuinunua. Kama anataka, alichokupa ni bei yake iliyovaa nguo za daraja. Si lazima awe mwongo. Mchuuzi ana kodi ya kulipa na atakaa na sarafu hiyo miezi kadhaa kabla ya kumpata mteja, kwa hiyo jicho lake huona kasoro kwanza. Siku akiiuza, jicho hilo hilo litaona mng'ao kwanza.

Sarafu yangu inastahili usumbufu huo?

Nyingi hazistahili, na ni afadhali ulijue mapema. Maoni ya pili yana faida pale ambapo hatua moja ya daraja inabadilisha bei kwa kiasi kinachozidi gharama na muda wako. Tuseme mchuuzi amesema VF na kukupa shilingi 6,000, nawe unaamini ni EF ambayo ingekupa 9,000. Tofauti ni 3,000. Nauli, siku ya kazi iliyopotea na ada ya kifurushi zitaimeza. Lakini kama tofauti ni 60,000, keti chini upige hesabu vizuri.

Katika sarafu za huku, hizi ndizo zinazofaa kuulizwa mara mbili:

Rupia ya fedha ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na Imperial British East Africa Company, pamoja na ndugu zake wadogo wa 1890 wa ana (vipande vya rupia) 2, 4 na 8. Nyingi zimesafishwa au zimewahi kuvaliwa kama kidani, kwa hiyo iliyo safi kweli huachana mbali sana na wenzake kwa bei.

Sarafu za florini za 1920. Florini ilikaa muda mfupi mno, shilingi ikaipokea mwaka 1921, na zile za fedha zikarudishwa. Zilizobaki ni chache.

Dhahabu za Kenya za 1966 zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, za shilingi 100, 250 na 500. Hapa bei ina sakafu: hata ikikwaruzwa vipi, dhahabu ni dhahabu. Hatari ni kuiuza kwa uzito peke yake.

Rupia 15 za dhahabu za Tabora za 1916, zile za tembo, zilizotengenezwa na Wajerumani katika karakana ya reli vita vikiendelea. Kwa hizo, swali la kwanza ni kama ni halisi. Daraja linafuata baadaye.

Upande wa pili kuna zile zinazotushindilia simu kila wiki. Senti 5 na senti 10 za 1936 zenye jina la Edward VIII watu huziona adimu kwa sababu mfalme yule hakukaa hata mwaka mmoja kwenye kiti, lakini zilitengenezwa kwa wingi na bei yake ni ya chini. Shilingi 40 ya 2003, yenye sura ya Rais Kibaki, ilitolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ni sarafu nzuri ya kumpa mtoto. Zile video zinazosema kuna tajiri anainunua kwa mamilioni mwisho wake ni kuombwa "ada ya usajili". Achana nazo.

Nitazame nini mwenyewe kabla ya kwenda kwa mtu?

Ukienda bila kujua chochote utakubali chochote, kwa hiyo anza nyumbani. Unahitaji taa moja, kioo cha kukuzia cha mara tano hadi kumi, kitambaa laini mezani ili sarafu ikianguka isiumie, na mikono iliyooshwa na kukaushwa. Sarafu ishike kwenye kingo, kamwe usiweke kidole gumba usoni mwake.

Chukua mfano wa shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1920, upande mmoja George V na taji lake, upande mwingine simba mbele ya milima. Zima taa ya dari, washa ya mezani peke yake, kisha inamisha sarafu polepole na kuizungusha. Ile ambayo haijatumika ina utepe wa mwanga unaozunguka uso mzima bila kukatika, unapita juu ya shavu la mfalme na kushuka upande wa pili. Iliyotumika, utepe unafika kwenye shavu, nyusi au masharubu na kuzimika, kisha unaendelea ng'ambo. Pale unapozimika ndipo palipolika. Geuza uangalie bega na manyoya ya simba, maana ndiyo sehemu zilizoinuka zaidi upande ule. Shilingi hizo zina fedha robo tu, sehemu iliyobaki ni shaba na madini mengine, kwa hiyo ngozi ya juu ikilika mara nyingi huonekana unjano au wekundu kwenye vilele hivyo. Sarafu nyeupe pepepe yenye shavu bapa inafaa kukutia shaka: pengine kuna mtu ameing'arisha.

Kisha sasa leta kioo. Mistari myembamba iliyolala upande mmoja, kama iliyochanwa kwa brashi, ni alama ya kusuguliwa. Vidonda vifupi vyenye ncha kali, vimetawanyika bila mpango, mara nyingi ni vya sarafu kugongana kwenye gunia la kiwandani au la benki. Hivyo hupunguza namba ndani ya MS lakini havifanyi sarafu kuwa iliyotumika. Watu wengi huchanganya hayo mawili, na wachuuzi wachache huyachanganya kwa makusudi.

Jambo la tatu ni pigo la muhuri wa kiwandani. Sarafu nyingine zilitoka kwenye mashine zikiwa hafifu tangu siku ya kwanza, kwa sababu muhuri ulichoka au shinikizo lilikuwa dogo. Mahali palipotoka hafifu bado pana mng'ao. Mahali palipolika hapana. Hapo ndipo unapojipatia hoja yako ukiambiwa "hii imechakaa".

Ukimaliza, andika ulichoona kwenye karatasi kabla hujamsikia mtu mwingine. Ukishasikia namba ya mtu, macho yako yatafuata namba hiyo.

Niisafishe kidogo ili ionekane vizuri?

Hapana. Si kwa ndimu na chumvi, si kwa majivu, si kwa Brasso, si kwa dawa ya meno. Weusi ulioingia taratibu kwenye fedha wakusanyaji huupenda, na wengine huulipia zaidi. Sarafu iliyosuguliwa kampuni za kupima huikataa kuipa namba ya kawaida. Huandika tu kwamba ina maelezo ya EF, kwa mfano, lakini imesafishwa, na bei huanguka pamoja na maandishi hayo. Kama kuna utandu wa kijani unaonata, wenyewe umetoka kwenye mfuko wa plastiki mbaya, mwachie mtu anayejua kutumia asetoni.

Nani Nairobi anaweza kunipa maoni hayo?

Jiji hili halina ofisi ya kampuni kubwa za kupima, kwa hiyo utafanya kazi na watu. Si wote wanajua kitu kile kile.

Sonara, wa katikati ya jiji au wa Parklands, anajua madini. Atakuambia kama ni dhahabu au fedha na uzito wake, na baadhi wana mashine ya eksirei inayosoma madini bila kuigusa sarafu. Kuhusu daraja usimuulize. Kwake sarafu ya 1966 na kipande cha mkufu vina hesabu moja. Na mwambie mapema, kabla haijatoka mkononi mwako, asiikwaruze kwenye jiwe lake la kupimia wala asiitie asidi. Msitari mmoja wa jiwe hilo kwenye ukingo wa dhahabu ya Kenyatta utakugharimu kuliko ada yoyote ya upimaji.

Wachuuzi wa vitu vya kale, wakiwemo wa Maasai Market na wa maduka ya vinyago, wanajua kinachouzika kwa mtalii. Wengine wana jicho zuri kweli, ila soko lao linataka sarafu inayong'aa, kwa hiyo hawaogopi iliyosafishwa kama anavyoiogopa mkusanyaji.

Wakusanyaji wenyewe ndio wazuri zaidi. Wako wengi kuliko unavyodhani, hasa wazee waliofanya kazi benki, posta au reli, na familia za Wahindi wa hapa ambao babu zao walihesabu rupia dukani. Hukutana kwa mialiko na kwenye makundi ya WhatsApp. Mkusanyaji wa sarafu za Afrika Mashariki ameshika sarafu mia za shilingi za George V, kwa hiyo anajua iliyo bora inafananaje. Mwenye sarafu chache za kila nchi duniani hana ulinganisho huo.

Nyumba za mnada za ng'ambo, kama Spink na Noonans za London au Heritage ya Marekani, hupokea picha na kukupa makadirio. Kumbuka nao wana maslahi: wanataka uwape mnada. Lakini wao hulipwa asilimia ya bei, kwa hiyo hawana sababu ya kuishusha sarafu yako kama anavyofanya mtu anayeinunua kwa pesa zake.

Niulizeje ili nisiharibu bei yangu?

Usitaje daraja uliloambiwa, usitaje bei, na useme wazi kwamba siku hiyo huuzi. Mazungumzo yanayofaa ni mafupi:

"Mzee, shikamoo. Naomba unitazamie hii. Leo siuzi."

"Marahaba. Umeambiwa ni ngapi?"

"Nataka kusikia kwako kwanza, mzee."

Akikupa daraja, omba sababu. "EF" peke yake haina kazi. "EF kwa sababu bega la simba limelika ila manyoya yamebaki, na kuna pigo dogo kwenye ukingo, pale namba 4 inapokaa kwenye uso wa saa" ni maoni ambayo unaweza kwenda nayo kwa mtu wa tatu na kuyathibitisha kwa kioo. Mtu anayekataa kutoa sababu hajakupa maoni.

Ni adabu pia kutomzungusha mtu. Kama mchuuzi ametumia nusu saa yake na hakununua kitu, mpe ya chai, au mrudie yeye kwanza siku ukiuza.

Picha za simu zinatosha?

Zinatosha kuondoa shaka kubwa: aina ya sarafu, mwaka, kama imetobolewa, kama imelika sana. Hazitoshi kutenganisha AU 58 na MS 62, kwa sababu mng'ao hauonekani bila kuizungusha sarafu. Piga pande zote mbili na ukingo, mchana karibu na dirisha jua likiwa halipigi moja kwa moja, simu ikiwa imetulia juu ya vitabu viwili. Ondoa sarafu kwenye mfuko wa plastiki. Zima kipengele cha simu kinachorembesha picha. Ongeza video fupi ya sekunde kumi sarafu ikiinamishwa chini ya taa moja. Video hiyo huwa na faida kuliko picha ishirini.

Na ukishatuma picha kwenye kundi la watu mia mbili, jua zimeshakuwa za umma. Si ajabu kuikuta sarafu yako ikiuzwa Facebook na mtu ambaye hajawahi kuishika. Weka kikaratasi chenye jina lako na tarehe pembeni ya sarafu kabla ya kupiga.

Mwingereza amesema VF, Mmarekani kwa picha zile zile amesema EF. Nani ananidanganya?

Huenda hakuna. Upimaji wa Kiingereza wa kale ni mkali zaidi: sarafu ambayo London wangeiita EF, Marekani mara nyingi huangukia AU. Bei za vitabu hufuata kipimo cha mwandishi wake, kwa hiyo daraja la Marekani lisomwe na bei za Marekani, la Uingereza na za Uingereza. Kosa ambalo wauzaji hufanya, na wanunuzi wengine hulitumia vizuri sana, ni kuchukua herufi za Marekani na kuzisoma kwenye orodha ya bei ya Uingereza, au kinyume chake.

Nitajuaje kwanza kama ni halisi?

Anza na uzito. Mizani ndogo ya dijitali inayosoma sehemu za mia za gramu inapatikana Luthuli Avenue bila shida. Rupia ya Mombasa ina takriban gramu 11.66, shilingi ya Afrika Mashariki ya fedha takriban 7.78, riale ya Maria Theresa (sarafu kubwa ya fedha ya Austria) takriban 28.07, na rupia 15 za Tabora karibu 7.17. Iliyolika itapungua kidogo. Ikizidi uzito, au ikipungua gramu nzima wakati uso bado mzuri, simama hapo hapo.

Sumaku pia: fedha na dhahabu hazivutwi. Inayoruka na kunasa ni chuma kilichopakwa.

Maria Theresa ina ujanja wake. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizotengenezwa karne ya ishirini, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani yetu, Uhabeshi na Arabuni hawakutaka nyingine. Zimetoka Vienna, Rome, London, Bombay na kwingineko. Mtu akikuambia yako ina zaidi ya miaka 240 kwa sababu ya tarehe, huyo hajaisoma, na maoni ya pili utakayohitaji ni ya kujua ilitoka kiwanda gani, kwa vile hapo ndipo bei inapopatikana.

Iko tayari ndani ya kasha la PCGS au NGC, zile kampuni kubwa za Marekani za kupima. Bado natafuta maoni?

Thibitisha kasha kwanza, lile la plastiki ambalo kampuni hufungia sarafu pamoja na daraja lake. PCGS ilianza 1986 na NGC 1987, na kila kasha lina namba unayoweza kuitafuta kwenye tovuti ya kampuni. Linganisha picha ya tovuti na sarafu yako: doa lile lile, mkwaruzo ule ule. Makasha ya bandia yapo, na huwa yamenakili namba halali ya sarafu nyingine ya aina hiyo hiyo. Vilevile yapo makasha ya kampuni zisizojulikana ambazo hutoa 70 kama peremende. Hayo yahesabu kama hayapo.

Kasha likiwa la kweli, daraja hilo ni maoni ya watu wasionunua sarafu yako, na wanunuzi wengi watalikubali. Bado sarafu mbili za MS 63 hazifanani: moja inapendeza, nyingine ilipita kwa shida. Kwa sarafu za Marekani ilianzishwa kampuni ya CAC mwaka 2007, chini ya John Albanese, kazi yake ikawa kutoa maoni ya pili juu ya kasha la kwanza. Kibandiko cha kijani husema daraja limekaa sawa, cha dhahabu husema lilistahili kuwa juu zaidi. Kama una dola ya Marekani iliyorithiwa, njia hiyo ipo. Kwa rupia ya Mombasa usitegemee kibandiko hicho. Kazi hiyo itafanywa na jicho la mkusanyaji.

Usivunje kasha ili ujaribu bahati. Kampuni hupokea sarafu ikiwa ndani ya kasha la mshindani na kuihamisha pale tu inapokubaliana na daraja unalolitaka. Ukilivunja mwenyewe na ikarudi na namba ya chini, au ikarudi imeandikwa imesafishwa, umepoteza hata ulichokuwa nacho.

Basi niipeleke ng'ambo ipimwe?

Ikiwa sarafu ni ya bei ya juu na utaiuza kwa mnada wa kimataifa, ndiyo. NGC iko Florida na PCGS iko California, na zote zina ofisi nje ya Marekani ambazo huenda zikakufaa zaidi kwa usafirishaji. Jumlisha ada ya upimaji, ada ya kifurushi kwenda na kurudi, bima, na miezi ya kusubiri. Wakusanyaji wa hapa hutuma kwa pamoja ili kugawana gharama, na hilo ni jambo la busara mradi kila sarafu imepigwa picha, imepimwa uzito na kuandikwa kwenye karatasi ambayo kila mmoja ana nakala yake imesainiwa. Urafiki si risiti.

Njia ya tatu, ambayo wengi huisahau: kama utaiuza kwa mnada wa London, waachie nyumba ya mnada waamue kama inahitaji kasha. Soko la Uingereza bado hununua sarafu nyingi zikiwa wazi.

Sheria inaniruhusu kuitoa nchini?

Swali hili wengi hulipita. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Rupia na pesa (sarafu ndogo za shaba) za Mombasa za 1888 zimo, na vilevile pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar za mwaka 1299 wa Hijria zilizozagaa pwani wakati ule. Shilingi za 1921 na dhahabu za 1966 hazimo. Anza kwa kuuliza Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, kwa maandishi, kabla hujalipia kifurushi. Na kama sarafu ilichimbuliwa ardhini, iwe Lamu, Gede au shambani kwenu, hilo ni jambo jingine kabisa: iliyofukuliwa ni mali ya serikali na inapaswa kuripotiwa. Maoni ya pili kuhusu daraja hayataibadilisha hiyo.

Hata kwa sarafu isiyohitaji kibali, jaza karatasi za forodha ukitaja kwamba inatoka kwa upimaji na itarudi, na utunze nakala. Bila hizo, ikirudi kupitia uwanja wa ndege wa JKIA itatazamwa kama bidhaa mpya uliyonunua nje.

Maoni mawili yamepishana. Nifuate lipi?

Fuata sababu, si namba. Weka maelezo yote mawili mezani, chukua kioo, utafute kila kasoro iliyotajwa. Aliyeona mistari ya kusuguliwa na ukaiona kweli amekushinda, hata kama mwenzake ni maarufu. Wakipishana hatua moja ndogo, kati ya VF ya juu na EF ya chini kwa mfano, chukua ya chini upangie bei ya kuanzia, kisha acha mnunuzi apandishe. Wakipishana sana, VF kwa mmoja na MS kwa mwingine, kuna mmoja hajui au kuna mmoja anataka kitu. Hapo tafuta wa tatu asiyewajua hao wawili.

Ni sarafu za marehemu baba na tuko ndugu kadhaa. Tufanyeje?

Zipigeni picha zote siku moja, mbele ya wote, na kuzipima uzito kabla ya mtu yeyote kuzibeba kwenda mjini. Maoni ya kwanza na ya pili yaandikwe na yasomwe kwenye kundi la familia. Ugomvi mwingi wa sarafu za urithi hautokani na daraja, unatokana na kaka mmoja kurudi jioni na kusema "nilipata elfu kumi tu" bila karatasi. Msigawane kabla ya kupimwa. Seti ikivunjwa, mwenye ile nzuri na mwenye ile mbovu hawatakaa meza moja tena Krismasi.

Maoni yalipiwe?

Mkusanyaji rafiki hatakudai. Mtaalamu anayekuandikia maelezo kwa karatasi anastahili malipo, na mkubaliane kiasi kabla. Anayetaka asilimia ya bei ya sarafu ili akuambie daraja, mkatae, maana amejipa sababu ya kulipandisha.

Mnunuzi anasema pesa ziko leo tu, kesho anasafiri. Nisubiri?

Mwambie unaweza kumpa jibu kesho asubuhi kabla ya ndege yake, na umuombe aandike kwa ujumbe daraja analoliona na bei anayotoa. Usimwachie sarafu "akaionyeshe mwenzake", hata kwa amana. Ukiwa na ujumbe huo mkononi, mpigie mkusanyaji mmoja na umtumie ile video ya sekunde kumi kwa mwingine. Usiku mmoja unatosha kwa hayo. Na mnunuzi akirudi asubuhi na bei ile ile, mpokelee pesa kabla ya kumkabidhi sarafu, mbele ya shahidi, mahali palipo na watu, na usubiri ujumbe wa M-Pesa uingie kwenye simu yako mwenyewe, si ule anaokuonyesha kwenye ya kwake.